Ripoti Niliyoandika Juu ya Mama Wabiwa

Vijana wangu, ukiingia nyumbani kwa mtu anayetaka kuasili mtoto, usianze kwa kutazama viti. Nawaambia kwa upendo, na kwa aibu kidogo pia, maana mimi nilitazama viti kwa miaka mingi, na kimoja kati ya hivyo kilinipasulia suruali mara mbili.

Wengi wenu mnaoanza kazi hii ya asistan sosiali, ya ustawi wa jamii, hapa mjini Baraka hamjui jina langu. Mnanijua kama Papa Ankete, kwa sababu kila nilipoulizwa njiani ninakwenda wapi nilijibu kwamba naenda kufanya ankete. Kuchunguza familia, kuandika ripoti, kumpelekea hakimu: hiyo ndiyo kazi iliyonizeesha. Mimi ni mtoto wa Nundu. Nimekanyaga vumbi kutoka Nundu hadi Fizi, nimevuka kwa mtumbwi kwenda Ubwari nikitapika tangu kupanda hadi kushuka, nimekwea Bibokoboko kwa miguu na kuteremka kwa makalio wakati wa mvua. Sasa nimestaafu, maana yake nafanya kazi ile ile bila mtu wa kunituma.

Juzi mmoja wenu alinijia, binti mwerevu mwenye simu pana kama ubao wa kukatia nyama. Aliketi, akakataa chai mara mbili, ya tatu akakubali, kisha akauliza swali ambalo kila mwaka kuna mtu ananiuliza.

"Papa Ankete, mutu akitaka kuchukua mutoto kwa sheria, banamuombaka dola ngapi?"

"Hakuna bei," nilimwambia. "Na ukisikia mutu anataja bei, ule anauzisha mutoto. Ukimbie, lakini ukimbilie kwa polisi."

Alicheka, lakini mimi sikuwa natania. Karatasi zina gharama zake, ndiyo, na stempu zinalipiwa. Lakini sheria haimwambii mzazi awe na kiasi fulani mfukoni. Inataka awe na uwezo wa kumlisha mtoto, kumvisha, kumtibu na kumsomesha. Uwezo huo unapimwaje? Hakimu hana nafasi ya kulala kwa watu akihesabu wanakula mara ngapi. Anakutegemea wewe, na miguu yako, na macho yako, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Binti yule alinionyesha fomu ndani ya simu yake. Paa ni la nini. Viti vingapi. Mapato ya kila mwezi, na pale simu inakataa kuendelea mpaka uandike tarakimu. Nilimuuliza: kwa mvuvi wa ndakala utaandika nini? Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawafuati taa, mvuvi anakaa nyumbani anashona nyavu na kugombana na mke wake. Giza likirudi, anapata. Ukiandika sifuri umesema uongo, ukiandika pato la juma zuri umesema uongo mkubwa zaidi. Akaniuliza sasa afanye nini. Nikamwambia aulize sabuni ilinunuliwa lini. Mtu anaweza kukudanganya juu ya mapato, lakini ukimuuliza juu ya sabuni anajibu kabla hajafikiri. Uliza bei ya chumvi, maana anayenunua anaijua hadi senti ya mwisho, na asiyenunua atakutajia bei ya mwaka juzi. Chungulia jikoni uone kama masufuria yana masizi mapya. Omba karatasi za shule na kadi ya chanjo. Katika nyumba nyingi za hapa zimo ndani ya Biblia, na nyumba ambayo haina Biblia inazo ndani ya kopo la maziwa.

Hayo yote nilijifunza kwa kuaibika. Ngoja niwaambie habari ya viti.

Nilipoanza kazi nilitumwa kwa mwalimu mmoja na mke wake waliotaka kuasili mvulana wa marehemu dada yake mwalimu. Niliwakuta wamevaa nguo za kanisani siku ya Jumatano. Sebuleni kulikuwa na foteyi tano nyekundu zenye vitambaa vya kufuma, termosi ya maua, televisheni chini ya shuka jeupe. Nikaketi. Msumari uliokuwa umejificha kwenye foteyi ukanipasua suruali nyuma, nikanyamaza kwa adabu, nikaandika: foteyi tano, televisheni moja, familia yenye uwezo.

Juma lililofuata nilitumwa kwa familia nyingine, avenyu tatu mbele. Sebuleni foteyi tano nyekundu. Nikasema moyoni, watu wa Baraka wanapenda rangi nyekundu. Nikaketi, na msumari ukanipata pale pale, katika suruali ile ile ambayo mke wangu alikuwa ameishona Jumapili.

Mkuu wangu alikuwa Madamu Apolina, mama mrefu aliyevaa miwani miwili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kukutazama wewe. Alisoma ripoti zangu mbili, akaniita.

"Hizi foteyi iko za Papa Kwaya," alisema. Papa Kwaya alikuwa mwalimu wa waimbaji parokiani. "Anaazimishaka batu bote. Ndoa, kilio, mugeni, zinaendaka tu. We umeandika bitu ya mutu moya mu madosye mbili!"

"Madamu, bamenidanganya."

"Nani amekudanganya? Uliuliza iko za nani?"

Sikuwa nimeuliza. Na kwa kweli hakuna aliyedanganya. Kwetu mgeni akija, jirani analeta kiti, mwingine analeta vikombe, na mgeni anaketi vizuri, na hakuna anayeona kwamba ametenda dhambi. Mimi nilikuwa mgeni, nikakaribishwa, nikaenda kuandika makaribisho yao kama mali.

Madamu Apolina akaniwekea sheria: kila kitu unachokiona nyumbani, waulize majirani ni cha nani. Nikaishika sheria hiyo kama katekisimu. Niliishika hata pale ambapo ilinitumbukiza shimoni, na sasa nakuja huko.

Mama Wabiwa alikuwa mjane anayeuza samaki wa kukausha, akiishi karibu na ziwa, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka katikati ya maji. Miaka minne kabla ya habari hii alikuwa Nundu akimuuguza dada yake wodini. Kitanda cha pili alilala mama mkulima ambaye hakuna aliyemjua, aliyeshuka kutoka milimani akiwa na uchungu wa kujifungua. Yule mama alijifungua msichana, na asubuhi hakuamka. Redio ilitangaza, makanisa yakatangaza, ndugu hawakutokea. Mama Wabiwa, ambaye hakuwahi kupata mtoto, alikuwa amekwisha kumbeba yule mchanga tangu usiku wa kwanza kwa sababu alikuwa analia. Hakimu akamwachia amtunze kwa muda, na yeye Mama Wabiwa akampa mtoto jina la Faila.

"Kwa muda" ndilo lilikuwa tatizo. Muda ulikwisha. Hakimu alikuwa anakuja kutoka Uvira kufanya kikao chake Baraka kwa siku chache, na lazima aamue: ama Mama Wabiwa amwasili Faila awe mtoto wake kabisa kwa karatasi, ama mtoto apelekwe katika kituo cha yatima mbali na hapa, atafutiwe familia nyingine. Dosye ilikuwa kamili isipokuwa ukurasa mmoja, ule wa uwezo. Na ukurasa ule ulikuwa wa Madamu Apolina, aliyemfahamu Mama Wabiwa tangu zamani. Lakini Madamu akapigwa na malaria, nikatumwa mimi.

Nilikosea kabla sijafika. Nilivaa shati jeupe, nikashika daftari na begi la ngozi, nikaenda siku ya soko, siku ambayo watoza kodi nao walikuwa wanapita mtaa ule ule wakiwa na mashati meupe, daftari na mabegi. Hakuna mtoto wa Baraka asiyejua maana ya mavazi hayo. Nilipokunja kona, jirani yake, Mama Ester, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, alianza kuimba wimbo wa Pasaka kwa sauti kubwa ajabu. Ilikuwa Oktoba.

Hapo niliona kwa macho yangu mawili cherehani ikivuka ua. Sikuona watu, niliona cherehani tu, ikipanda juu ya matete upande wa Mama Wabiwa na kushuka taratibu upande wa Mama Ester. Ikafuata dumu kubwa. Kisha mbuzi, ambaye hakutaka, akarudishwa.

Nilisalimia mlangoni. Na badala ya kusema jina langu na kazi yangu, kama ninyi mtakavyofanya kila siku ya maisha yenu, nilifungua daftari na kusema kwa sauti ya serikali, "Natoka kwa ofisi ya Leta. Nakuja kuona uko na bitu gani."

"Mi sina kitu, papa," alisema Mama Wabiwa. "Ata kuku moya. Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Mkeka mmoja, kigoda kimoja, sufuria moja. Sakafuni palikuwa na alama nne za miguu ya meza, na duara mbichi la mafuta ya mawese mahali palipokuwa na dumu. Chumbani mtu alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa cha mbuzi.

"Na ile mbuzi?"

"Iko ya Mama Ester. Anaipendaka nyumba yangu."

Ndipo nikasema, "Mama, mi nakuja juu ya dosye ya Faila."

Uso wake ulibadilika. Kwenye duka la jirani, hatua kumi kutoka mlangoni, watoza kodi wa kweli walikuwa wamesimama wanabishana na mwenye duka, na kila neno letu lilikuwa linawafikia. Mama Wabiwa alinitazama, akanikonyeza kwa jicho la kushoto. Nikashangaa. Akanikonyeza tena, kwa nguvu, na kichwa akakiinamisha kuelekea chumbani.

Vijana wangu, mimi nina mke. Nilifunga daftari kwa heshima ya ndoa yangu, nikaaga, nikatoka nje jasho likinitiririka. Yeye alikuwa ananiambia, pita ndani nikuonyeshe. Mimi nilielewa mambo mengine kabisa, na nilijisifu njia nzima kwa uaminifu wangu.

Kisha nikaitimiza sheria ya Madamu. Nikaenda kwa Mama Ester.

"Hii mashini ya kushona iko ya nani?"

"Yangu," alisema, na alikuwa ameikalia.

"Hili dumu?"

"Langu."

"Na hii moteri ya mutumbwi chini ya kitanda?"

"Ya bwana yangu."

"Bwana yako anafanyaka kazi gani?"

"Anafundishaka dini," alisema bila kupepesa.

Nikauliza jirani wa pili na wa tatu, na wote walikuwa na mali nyingi kuliko nyumba zao. Jioni nikaandika ripoti yangu kwa mwandiko mzuri: mjane, hana mapato yanayojulikana, hana mali, majirani wamethibitisha. Nikaweka saini. Madamu alikuwa bado kitandani, karatasi ikaenda moja kwa moja kwa hakimu.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shule, watu wamejaa hadi madirishani, maana kwetu mahakama ni bure na ina mambo. Hakimu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Mama Wabiwa aliketi mbele, Faila mapajani, nywele zimesukwa upya, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nyuma yao Mama Ester na mtaa mzima. Mstari wa tatu alikuwapo shemeji wa Mama Wabiwa, Papa Sangani, mdogo wa marehemu mumewe. Na karibu na mlango, kwa kupumzisha miguu tu, mtoza kodi mmoja na begi lake.

Karani akasoma. Alipofika kwenye ukurasa wangu akasoma polepole, kwa sababu mwandiko ulikuwa mzuri. Hana mapato. Hana mali. Asistan sosiali anaona kwamba mwombaji hana uwezo wa kumlea mtoto.

Mama Wabiwa akageuka taratibu, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Nani hana kitu?"

"Mama, ukae," alisema hakimu.

"Bwana juge, nani hana kitu? Mi? Mi Wabiwa, hapa Baraka?"

"Ni vile ripoti inasema. Kama iko uongo, useme uko na nini."

Sasa sikilizeni kwa nini jambo hili halikuwa rahisi. Mumewe alipokufa, ndugu walikuja kugawana vitu, na waliondoka hata na mlango. Mama Wabiwa alianza upya na kisu cha samaki, na tangu siku ile aliapa hakuna mtu wa ukoo wala wa serikali atakayejua ana nini. Shemeji yake Papa Sangani, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliamini kabisa kwamba mjane wa kaka yake ni maskini wa Mungu, na kwa miaka minne alimletea kikapu cha muhogo kila mwisho wa mwezi. Akitaja mali yake pale, ukoo unasikia. Mtoza kodi anasikia. Akinyamaza, jioni ile Faila anapanda gari la kituo.

Alisimama. Mimi ndiye niliyemsimamisha pale.

"Niko na mashini ya kushona," alisema. "Niko na madumu tatu ya mawese. Niko na moteri ya mutumbwi, bavuvi ba Ubwari banaikodishaka kwangu. Niko na mbuzi. Niko na shamba ya muhogo."

"Shamba ya muhogo?" Papa Sangani aliruka kutoka kwenye benchi. "Na muhogo yangu? Miaka ine?"

"Ilikuwa mutamu, shemeji. Aksanti."

Watu walicheka mpaka karani akapiga meza. Hakimu hakucheka. Alivua miwani.

"Mama, kama uko na hii yote, juu ya nini ulificha? Mutu anaficha Leta bitu, nitajuaje hatafichaka na mutoto?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na ukumbi ulilisikia. Mama Wabiwa alimwangalia Faila, kisha akamwangalia hakimu.

"Bitu ndiyo nilificha, bwana juge. Mutoto, sikumufichaka ata siku moya. Uliza mutu yeyote ndani ya hii nyumba jina yake."

Hakimu hakuuliza. Lakini nyuma, Mama Ester akasimama, akasema "Faila", na mwingine akasema, na muuza sukari dirishani akasema, na mtoto mwenyewe aliposikia anaitwa kila upande akajibu "Karibu!" kama alivyofundishwa kuitikia.

Kisha Mama Ester akaungama. "Mashini iko yake, bwana juge. Mi sijue ata kuingiza uzi." Jirani wa pili akaungama dumu. Mume wa Mama Ester, yule mfundisha dini, alisimama kwa huzuni kubwa na kusema kwamba hajawahi kuwa na moteri maishani mwake, ingawa angependa.

"Asistan," hakimu akaniita. "We ulifika kule. Uliona nini?"

Ningeweza kusema kwamba majirani walinidanganya. Ripoti yangu ilikuwa imefuata sheria ya ofisi neno kwa neno. Lakini yule mama alikuwa amejivua kila kitu mbele ya ukoo na mbele ya mtoza kodi, na mimi nilikuwa nimesimama na shati langu jeupe.

"Niliona mashini inapita juu ya lupango," nilisema. "Niliona alama za meza chini. Niliona mafuta mbichi. Nilisikia mbuzi. Na niliandika ile balinambia, sikuandika ile niliona. Kosa iko yangu, bwana juge. Na mama alinikonyeza aniite ndani, mi nikafikiri mambo ingine."

Mke wangu alikuwa dirishani. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine, na kwa kweli yaliendelea kwa siku nyingi.

Hakimu akafunga dosye, akasema twende tukaone. Akatoka kwa miguu, karani nyuma yake akiwa na muhuri mkononi, mimi nyuma ya karani, na Baraka nzima nyuma yangu. Tulipofika, cherehani ilikuwa inavuka ua kurudi kwao mchana kweupe, imeshikwa na watu wanne waliotutangulia mbio, safari hii wanaoonekana. Hakimu alitaka kuingia. Faila akamzuia mlangoni.

"Toa biatu. Mama amepangusa."

Hakimu wa mahakama akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, na hakuna aliyethubutu kulitazama. Ndani aliona kitanda kidogo chenye chandarua, daftari la shule ya chekechea, na kopo la maziwa lenye kadi ya chanjo, karatasi za shule na picha ya mtoto kwa kila mwaka. Aliuliza sabuni ilinunuliwa lini. Kumbe naye aliijua mbinu hiyo. Mama Wabiwa akamwambia siku, duka na bei, na akaongeza kwamba mwenye duka ni mwizi. Hakimu aliandika pale pale juu ya meza ya kushonea, akasimama katika soksi zake, akasoma kwamba Faila ni mtoto wa Wabiwa kuanzia leo, kama amemzaa.

Mama Wabiwa hakupiga kigelegele. Alikaa sakafuni. Mama Ester ndiye aliyepiga, na safari hii wimbo wa Pasaka ulistahili.

Ndiyo maana nawaambia, usiwaulize majirani tu, wala usiamini viti tu. Taja jina lako mlangoni, sema umekuja kwa ajili ya nani, na ufunge daftari mpaka umalize chai. Watu wa hapa wameporwa mara nyingi. Anayeficha si lazima awe mwongo, na anayeonyesha si lazima awe tajiri. Uandike ulichokiona, hata kama kinavuka ua.

Kesho yake asubuhi na mapema Mama Wabiwa alikuwa mlangoni kwangu, Faila mgongoni.

"We ndiyo umenisemesha bitu zangu mbele ya batu bote," alisema. "Tutaenda pamoja kwa batu ba kodi."

Nikavaa shati la bluu, tukaenda. Yule mtoza kodi wa ukumbini alikuwa ametuandalia hesabu tayari, ndefu, yenye cherehani na moteri na mawese na hata mbuzi. Nilijitayarisha kwa ugomvi, maana sijapata kuona mtu wa soko la Baraka analipa bila kupunguziwa. Mama Wabiwa hakuitazama hesabu. Alitoa karatasi ya hakimu, akaikunjua mezani, akailaza vizuri kwa kiganja.

"Soma kwanza hii."

Mtoza kodi akasoma.

"Soma tena. Pale kwa jina."

Akasoma tena: Faila, binti wa Wabiwa.

"Mara moya ingine," alisema Mama Wabiwa, na alikuwa anahesabu noti huku amegeuza mgongo kuelekea mezani, ili Faila aliyembeba apate kusikia vizuri. Akalipa pesa zote, bila kuomba kupunguziwa.